Kadi zangu za 3D: meli ya Liemba inachungulia nje nikifunga kadi. Naomba ushauri

MwanaUjiji
Habari zenu wakuu. Niko Ujiji, Kigoma. Natengeneza kadi za salamu kwa mkono, zile ambazo ukifungua picha inasimama. Maua na misikiti vinanitoka vizuri tu. Sasa kuna familia imenipa oda ya kadi za Idi za kutuma kwa ndugu zao walioko Dar na Mwanza, na ndani hawataki msikiti, wanataka MV Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, maana mzee wao alikuwa baharia kwenye meli hiyo.

Oda hii naipenda sana. Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande na kupakiwa kwenye masanduku, ikaja kuunganishwa hapa hapa Kigoma na kushushwa ziwani 1915. Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Meli iliyokuja vipandevipande, naona ni haki yake kukaa kwenye kadi ya kukunjwa.

Natumia manila ya A4, nakunja katikati. Kwenye mkunjo nakata mistari miwili, nasukuma kisanduku kwa ndani, kisha nabandika meli mbele yake. Shida ni kwamba nikifunga kadi, dohani inatokeza nje. Pia manila ya bluu inapasuka kwenye mkunjo na kuonyesha weupe, na gundi inaifanya karatasi iwe na mawimbi. Nisaidieni, sitaki kuwapa watu kazi mbovu.

FundiKaratasi
Dada, tupe vipimo. Meli ina kimo gani mpaka ncha ya dohani? Na ile mikato miwili ina sentimita ngapi kutoka kwenye mkunjo?

MwanaUjiji
Meli sm 11. Mikato sm 5.

FundiKaratasi
Basi jibu liko hapo. Wengi wanaipima kadi ikiwa wazi, na ikiwa wazi kila kitu kinaonekana kiko sawa. Ipime ikiwa imefungwa. Ukifunga, uso wa mbele wa kisanduku unalala kuanzia pale mkato ulipoishia, yaani sm 5 kutoka kwenye mkunjo. Meli nayo inalala kuanzia hapo kwenda ukingoni: 5 na 11 ni 16. A4 ikikunjwa katikati kila upande una sm 14.8. Hiyo sm 1.2 iliyozidi itapita wapi? Lazima ichungulie.

Hesabu ya kushika: chukua 14.8, toa urefu wa mkato, toa nusu sentimita ya usalama. Kinachobaki ndicho kimo cha mwisho cha picha. Kwa mkato wa sm 5 unapata 9.3. Ukitaka meli ibaki na sm 11 zake, fupisha mikato iwe sm 3, unapata 11.3. Mimi ningefupisha mikato, kwa sababu meli ndogo itapoteza madirisha na dohani, na hivyo ndivyo vinavyomwambia mtu hii ni Liemba na si boti yoyote ya hapo mwaloni Kibirizi.

Halafu gundi iishie kwenye uso wa mbele wa kisanduku tu. Ikipanda mpaka ukingo wa juu, kisanduku hakikunjiki tena na kadi itakataa kufunga hata vipimo viwe sahihi.

MwanaUjiji
Asante sana kaka, hii sikuwahi kuambiwa na mtu. Je, mawimbi ya ziwa mbele ya meli inawezekana?

FundiKaratasi
Inawezekana, ila kila kinachosogea mbele kinapungua kimo. Weka visanduku viwili vidogo, kimoja kila upande wa kisanduku cha meli, na mikato yake isilingane: ukurasa wa chini kata sm 5, ukurasa wa nyuma sm 2. Hapo mkunjo wa kisanduku hauko tena katikati. Upige sm 2 kutoka pale mkato wa chini ulipoishia. Bandika utepe wa mawimbi kwenye nyuso hizo mbili, utasimama sm 2 mbele ya meli. Wenyewe usizidi kimo cha sm 3 au 4, usije ukaifunika meli.

Mwl_Sanaa
Binti yangu, hongera kwa kazi. Mimi nizungumzie mkunjo. Karatasi ina mwelekeo wa nyuzi. Chukua manila, ipinde kwa viganja bila kuivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande mmoja utakubali kirahisi, mwingine utakubishia. Unapokubali ndipo mkunjo wako uwe. Ukikunja kwa kukatiza nyuzi, manila nzito itapasuka tu.

Tena usikunje kwa vidole vitupu. Weka gazeti chini, chukua kalamu ya wino uliokwisha, pitisha kwa rula kwenye mstari mpaka ubaki mfereji, ndipo ukunje. Visanduku navyo vipige mfereji kabla ya kuvisukuma.

Kadi ya namna hii inaacha matundu mgongoni, kwa hiyo ivishe manila ya pili kwa nje, ila usipake gundi nyuma ya visanduku.

MwanaUjiji
Shikamoo mwalimu. Nimekuelewa. Na gundi?

Mwl_Sanaa
Marahaba. Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Usiimimine, chovya kijiti cha meno, paka mstari mwembamba, kisha weka kadi chini ya vitabu vizito mpaka ikauke. Kama unatumia uji wa ngano, unashika vizuri lakini una maji mengi, ndio unaokuletea hayo mawimbi usiyoyataka. Msimu wa mvua weka manila kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, hewa ya ziwani inailegeza.

Katonga_One
Mimi naona achana na meli ya kubandika. Kuna Mjapani, Masahiro Chatani, msanifu majengo, miaka ya 1980 alianzisha mtindo wa kukata jengo zima kwenye karatasi moja, bila gundi kabisa. Stesheni yetu ya reli ingependeza sana hivyo.

FundiKaratasi
Kwa stesheni nakubali, majengo ni mistari iliyonyooka. Meli ina tumbo na ncha iliyochongoka, itabidi aipotoshe. Na mteja ameomba Liemba. Dada, ukishaikata, reli za sitaha zichore kwa kalamu, usizikate. Wembe utazing'oa zote.

MamaKadi
Hakuna aliyegusa pesa. Mdogo wangu, kabla hujakubaliana bei tengeneza moja mpaka mwisho ukiangalia saa, ujue inakula muda gani. Manila ni rahisi, kinachokwenda ni mikono yako. Na kadi ya jina la mtu au familia usiianze bila nusu ya malipo, wakiighairi hutapata wa kumuuzia.

MwanaUjiji
Nimejaribu kwa karatasi ya kawaida, mikato sm 3, meli sm 11. Imefunga bila kuchungulia! Mungu awabariki. Bahasha je? Zitapita posta.

MamaKadi
Omba bahasha ya saizi ya C5, ni sm 16.2 kwa 22.9, A4 yako iliyokunjwa katikati inaingia na nafasi inabaki. Weka kipande cha boksi gumu nyuma ya kadi ili isipindwe njiani. Lakini nenda dukani na kadi yenye meli ndani, si tupu, maana unene ndio unaokataa bahasha.