Lipu ya saruji kwenye nyumba ya Mji Mkongwe: niliokoa milioni moja na nusu, sasa natakiwa kulipa karibu saba

Mjukuu wa Kiponda

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri kuhusu nyumba ya marehemu babu yetu iliyopo Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambayo tumeirithi mimi na ndugu zangu wanne, na ambayo naishi ndani yake pamoja na mama. Miaka mitatu iliyopita lipu ya chokaa ya ukuta wa chini ilianza kumomonyoka, hasa upande wa uchochoroni ambako maji ya masika hutuama. Fundi mmoja mzee alinishauri nirudie kwa chokaa. Alieleza kwamba chokaa itiwe maji na kuachwa shimoni kwa wiki kadhaa kabla ya kutumika, kisha ipigwe tabaka jembamba baada ya jingine, na kila moja lisubiriwe likauke. Bei yake ilikuwa shilingi 2,400,000. Fundi mwengine akasema atamaliza kwa siku 5, kwa saruji na mchanga, kwa shilingi 900,000. Nikamkubali huyu wa pili, na nikawapigia simu ndugu zangu kwa furaha kuwaambia kwamba nimewaokolea milioni moja na nusu.

Mwaka wa kwanza ukuta ulipendeza kweli. Baada ya masika ya pili, alama ya unyevu ambayo zamani haikupita goti ilipanda hadi begani, ndani ya chumba anacholala mama. Rangi ya mafuta ikavimba malengelenge, na kila asubuhi nikawa nafagia unga mweupe wa chumvi chini ya kitanda chake. Mwezi uliopita kipande kikubwa cha lipu kilianguka. Chenyewe kilikuwa kigumu kama kigae, lakini jiwe lililokuwa nyuma yake lilichimbika kwa ukucha. Fundi alipopanda kuangalia dari, alichoma bisibisi kwenye ncha ya boriti inayoingia ukutani, ikazama mpaka mpinini. Boriti ya pili yake ni hivyo hivyo. Makadirio ya kazi nzima ni shilingi 6,700,000.

Nauliza: nibandue saruji yote, au niiache pale iliposhika vizuri? Na ndugu zangu niwaeleze nini, kwa kuwa uamuzi ule ulikuwa wangu peke yangu?

Fundi wa Chokaa

Waalaykum salaam, mwanangu. Ibandue yote, ndani na nje, na usidanganywe na pale ilipoonekana kushika, kwa sababu hapo ndipo maji yalipofungiwa.

Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa na udongo, na hazikuwekewa chochote chini cha kuzuia maji ya ardhini yasipande. Wazee walilijua hilo. Ukuta hunyonya maji yenye chumvi kutoka chini, na lipu ya chokaa, kwa kuwa ni laini na ina vitundu vidogo vidogo, huyaachia yakauke kwa upepo. Chumvi hujikusanya kwenye lipu, lipu huchakaa, nawe unaipiga upya baada ya miaka. Lipu imewekwa ichakae ili jiwe lisichakae. Ulipoifunika kwa saruji, maji yalikosa pa kutokea, yakaendelea kupanda yakitafuta njia, na chumvi ikakaukia ndani ya jiwe lenyewe na kulipasua punje kwa punje. Ncha za boriti zimelala ndani ya ukuta huo huo, kwa hiyo zililoweka mwaka mzima. Ukaongeza na rangi ya mafuta, ambayo nayo haipitishi unyevu.

Kazi ianze kwa kuitegemeza dari kwa magogo, kabla hujagusa ukuta. Kisha saruji ibanduliwe kwa patasi ndogo na nyundo nyepesi, kwani ukitumia nguvu itang'oka pamoja na jiwe. Baada ya hapo uache ukuta wazi, na ukipata kaskazi yote pamoja na jua lake utakuwa umepata bahati kubwa. Tengeneza pia mfereji wa uchochoroni, la sivyo tutakutana tena hapa. Ukimaliza lipu, paka chokaa tu.

Mpemba wa Wete

Naomba saruji isibebeshwe lawama yote, kwani kwenye nyumba ya matofali inafanya kazi yake vizuri. Mimi niliponzwa na mchanga. Nilichota mchanga wa pwani kwa kuwa ulikuwa karibu na haukuwa na bei, nikaumimina kwenye zege la linta, zile boriti za juu ya milango na madirisha. Chumvi yake ilizila nondo, nondo zikavimba kwa kutu, na zege likapasuka kufuata urefu wa nondo, nikalazimika kuvunja linta tatu na kuzimimina upya. Kweli rahisi huvunja upishi. Tuulize kwanza kila kitu kinafaa wapi, ndipo tuulize bei.

Bibi wa Vuga

Mwanangu, mhamishe mama yako leo, kabla ya hesabu yoyote. Tangu sehemu ya Beit al Ajaib, lile jumba la kihistoria la hapa mjini, ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, hali mafundi wako kazini, sina subira na mtu anayelala chini ya dari yenye boriti mbovu.

Pili, nenda Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla ya kubandua chochote. Mamlaka hiyo ipo tangu 1985, na mji wetu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hiyo kibali ni lazima, na ushauri wao utakusaidia.

Kuhusu ndugu zako, waeleze yote kwa tarakimu. Wao pia walifurahi ulipowapigia simu ile, na sikuona ulipoandika kwamba hata mmoja wao aliuliza chokaa inadumu miaka mingapi.

Mjukuu wa Kiponda

Nawashukuru sana. Mama yuko kwa dada yake Mkunazini tangu jana, na magogo manne yamesimamishwa chini ya boriti. Nyuma ya mlango, mahali ambapo yule fundi wa saruji hakujisumbua kubandua lipu ya zamani kabla ya kupiga yake, nimekuta kipande cha chokaa cha ukubwa wa kiganja, kikavu, bado kina rangi ya nili aliyokuwa akiichanganya babu kila kabla ya Idi. Nimekihifadhi nimwonyeshe fundi mzee, ambaye amekubali kuja Jumamosi. Kesho asubuhi ninakwenda Mamlaka, na usiku nitawapigia simu ndugu zangu wote wanne na kuwasomea makadirio yote matatu.