Livestrong.org na Livestrong.com: mchezaji anaruhusiwa kuchuma kwa jina la hisani?

Mdadisi_K:
Wakuu, Livestrong.org ni taasisi ya wagonjwa wa saratani iliyoanzishwa na Lance Armstrong, mwendesha baiskeli wa Marekani, mwaka 1997. Livestrong.com, iliyozinduliwa 2008, ilikuwa tovuti ya biashara ya kampuni ya Demand Media, na Armstrong mwenyewe akapata fungu la hisa. Jina lilelile, tofauti ni herufi tatu za mwisho. Sheria ya Marekani inaruhusu? Na mtu wa nje anajuaje fedha zimeelekea wapi?

JichoLaHesabu:
Mkuu, kufaidika peke yake si kosa. Taasisi ya 501(c)(3), yaani ya hisani iliyosamehewa kodi Marekani, inaweza hata kumlipa mshahara mwanzilishi wake. Kosa ni apate kingi kuliko alichotoa. Hapo kifungu 4958 cha sheria ya kodi ya Marekani kinamtaka arudishe ziada na alipe kodi ya 25% juu yake. Asiporekebisha, inaruka hadi 200%. Mjumbe wa bodi aliyepitisha huku akijua anatozwa 10%, isiyozidi dola 20,000 kwa muamala.

Kimbembe ni kupima. Hisa zililipia sura yake au jina? Sura ni yake. Jina lilikuwa la taasisi, tena limejengwa na bangili za njano za dola 1, zaidi ya milioni 80 zilizouzwa tangu 2004. Tuseme taasisi fulani imelegeza bei ya leseni, kisha mnunuzi huyohuyo akampa mwanzilishi hisa nono: hayo ni manufaa ya mlango wa nyuma, na sheria inayahesabu hata yakipitia kwa mtu mwingine.

Karani990:
Omba Fomu 990, yaani ripoti za kila mwaka za taasisi kwa mamlaka ya kodi, za miaka mitatu ya karibuni. Taasisi inalazimika kuzitoa. Fungua Sehemu ya VIII, mstari wa 5, uone mirabaha, yaani malipo ya kutumia jina. Nenda Jedwali L, Sehemu ya IV: biashara na watu wa ndani. Halafu tafuta jina kwenye daftari la alama za biashara la USPTO, ofisi ya Marekani inayosajili alama hizo. Wengi hawafiki hapo, na ndipo penye mambo: jina likiwa limesajiliwa kwa kampuni ya mchezaji, taasisi ni mpangaji tu.

Ila mkataba wa mchezaji na kampuni ya nje unaweza usionekane kabisa kwenye 990, maana taasisi haimo. Demand Media iliingia soko la hisa la New York Januari 2011, kwa hiyo ililazimika kuanika mambo yake kwa SEC, msimamizi wa masoko ya hisa Marekani. Kampuni isiyouza hisa kwa umma haina dirisha hilo.

Mdadisi_K:
Na bodi ikitaka kujikinga?

JichoLaHesabu:
Mhusika atoke chumbani, asipige kura. Wajumbe wasio na maslahi waweke mezani bei za leseni zinazofanana. Muhtasari uandikwe kabla ya kikao kinachofuata au ndani ya siku 60, ipi itakayochelewa. Yakitimia hayo, mzigo wa kuthibitisha unahamia IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Muhtasari wa kurudisha tarehe nyuma ndio unaowaponza wengi.

Karani990:
Nyongeza: kama ni wakfu binafsi (kwa kawaida fedha zake hutoka kwa mtu, familia au kampuni moja), yaani inajaza 990-PF, sahau habari ya bei ya haki. Kifungu 4941 kinakataza wakfu kuuziana au kupangishana mali na mwanzilishi hata kwa bei nzuri. Angalia aina ya fomu kwanza, kabla hujagusa tarakimu yoyote.