Ushauri: Mtaa wetu Mabatini unataka kukataza kuku majumbani

Wakuu, habari zenu. Niko Mabatini, hapa Mwanza. Mkutano wa mtaa umeteua watu wachache tuandike mapendekezo kuhusu kuku wanaofugwa majumbani, na kalamu nimekabidhiwa mimi. Malalamiko ni harufu, nzi, na jogoo wanaowika usiku wa manane. Wapo wanaotaka kuku wote wahamie Kisesa au Usagara kwenye nafasi.

Nashindwa kuliandika hilo. Ni kweli nyumba zetu zimebanana juu ya mawe, pa kuanikia nguo penyewe ni shida. Lakini nawajua akina mama ambao trei za mayai ndizo zinazolipa kodi ya chumba. Kinachoniumiza zaidi ni samadi inayorundikwa nyuma ya mabanda. Mvua ikinyesha yote inateremka hadi mto Mirongo, na Mirongo unamwaga ziwani, tunakotegemea samaki na maji. Tuandike masharti gani yasiyomwonea mtu?

MamaVifaranga
Usikubali marufuku, ndugu yangu. Nafuga kuku wa mayai Nyakato. Harufu inaletwa na unyevu: pumba za mpunga zikilowa chini ya chombo cha maji, ndipo ile amonia ya kuchoma macho inapoanza. Zilizolowa zitolewe siku hiyohiyo, zitandazwe kavu. Samadi naikausha na kuijaza kwenye viroba, wenye bustani za mchicha wanaifuata wenyewe. Andikeni hivyo: marufuku kurundika samadi nje.

JiraniWaBanda
Na sisi tusiofuga mtusikilize. Mwanangu ana pumu, na banda la broila la jirani limegusana na dirisha lake. Nikisema, naambiwa nina roho mbaya. Msihangaike na idadi peke yake. Kuku kumi chini ya dirisha wanaumiza kuliko hamsini walio mbali. Wekeni umbali, na mwenye banda asipoutimiza abomoe.

MstaafuMifugo
Kwanza ujue mipaka yenu: mtaa hautungi sheria ndogo, hiyo ni kazi ya baraza la madiwani. Pelekeni mapendekezo kwenye kamati ya maendeleo ya kata, diwani ayachukue.

Pili, nimefanya kazi ya mifugo huku Kanda ya Ziwa. Ukikataza kuku, watu wanawaficha, na kuku aliyefichwa hachanjwi. Kideri, ule ugonjwa wa kuku unaoua haraka, kikiingia kwenye kuku wasiochanjwa kinaweza kufagia mabanda ya mtaa mzima. Chanjo yake, iitwayo I-2, ni tone moja la jicho, inarudiwa kila baada ya miezi mitatu, na kichupa kimoja kinatosha kuku wengi. Kila mfugaji aandikishwe, afisa mifugo wa kata awajue, mchanje siku moja. Mizoga ifukiwe au ichomwe, isitupwe mtoni kamwe.

Jogoo waondoeni. Kuku wa mayai anataga bila jogoo. Hata New York wanaruhusu kufuga kuku majike nyumbani, jogoo ndiye marufuku.

Ng'wana_Magu
Mzee, hapo kwenye jogoo nakupinga. Wa kienyeji bila jogoo unapata mayai lakini huangui kitu. Mnataka mama mwenye mitetea mitatu awe ananunua vifaranga dukani? Jogoo alazwe kwenye banda lenye giza, afunguliwe kukishapambazuka. Atakayemwachia usiku ndiye apewe adhabu.

Mleta uzi
Asanteni sana. Nimeshaandika: umbali na dirisha la jirani, samadi kwenye viroba, kuandikishwa na kuchanja pamoja. Jogoo nimefuata wazo la Ng'wana_Magu, ingawa najua litabishaniwa mkutanoni. Je, wapangaji? Wengi wanafugia kwenye korido.

MamaVifaranga
Korido hapana, hata kama unamwonea huruma. Watoto wanatambaa na kula humo. Asiye na uani ajiunge na mwenye uani, wachangie chakula na wagawane mayai. Huku kwetu wapo wanaofanya hivyo.

JiraniWaBanda
Kwa masharti hayo, hata mimi naunga mkono.