Mrejesho: macho kuwasha kwa ajili ya laptopu
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mwezi uliopita niliuliza kuhusu macho kuwasha na kichwa kuuma kila nikishinda kwenye laptopu na hesabu za duka, hapa Lamu. Mlioniambia kila dakika 20 nitazame kitu kilicho umbali wa futi 20 kwa sekunde 20, Mungu awalipe kheri. Mimi hutazama milingoti ya majahazi pale gatini.

Lakini kilichonisumbua zaidi ni feni! Ilikuwa ikinipuliza usoni, na mtu akikodolea skrini hupepesa macho mara chache, basi yanakauka. Nimeielekeza miguuni. Dirisha nalo sasa liko ubavuni, mwanga haupigi tena kwenye kioo cha laptopu.

Wiki mbili kichwa hakijauma. Maandishi madogo bado yananitoa machozi usiku, kwa hiyo nitaenda kupimwa macho.