Mrejesho: sampuli za tolueni (kiyeyusho cha rangi) zilizosoma "haikutambulika"

Wakuu, niliuliza nizifanyeje sampuli za hewa za mafundi rangi ambazo maabara ilisema ziko chini ya kiwango cha kutambulika, yaani kidogo mno kwa kipimo chao kukiona. Ushauri wa kutoziwekea sifuri wala nusu ya kiwango hicho umenifaa sana. Nimechukua logi (logariti) za vipimo vyote, maana vichache vikubwa huvuta wastani, kisha nikatumia modeli inayojua tu kwamba thamani hizo ziko chini ya hapo. Wastani umebaki chini ya sehemu 20 kwa milioni, kikomo cha ACGIH, chama cha wataalamu wa afya kazini cha Marekani, kwa wastani wa saa 8. Bosi akafurahi mapema! Lakini pesentaili ya 95, yaani kiwango ambacho asilimia 95 ya vipimo viko chini yake, imevuka kikomo hicho, tena kwa wapulizaji rangi tu. Tunaanza na feni ya kufyonza hewa kwenye kibanda cha kupulizia rangi, barakoa baadaye.