Wazazi wa Nkuhungu, Dodoma: matone ya kutoa sumu na vumbi la barazani

Mama Neema, 19:04
Mbukwenyi wazazi. Kuna matone yanatembezwa huku mtaani, wanasema yanatoa metali nzito mwilini na mtoto aliyechelewa kusema anaanza kuongea. Chupa elfu 45. Neema ana miaka miwili na miezi minane, maneno hayazidi kumi. Nimpe?

Mama Ibra, 19:06
Na huku kwetu wamepita. Wanakata nywele za mtoto kidogo, wanaondoka nazo, majibu yanakuja kwenye simu. Kila mtoto anakutwa na sumu.

Sista Happy, 19:07
Mama Neema usimpe. Nakuandikia kwa utaratibu.

Sista Happy, 19:16
Mtoto wa miaka miwili tunategemea aunganishe maneno mawili: "mama njoo", "taka maji". Kwa umri wa Neema maneno kumi ni machache, kwa hiyo wasiwasi wako una msingi. Asikwambie mtu "ataongea tu". Lakini tunaanza na masikio. Mtoto anayeugua masikio mara kwa mara anaweza kuwa anasikia nusunusu na nyumbani msigundue, maana ukimwita kwa nguvu anageuka. Omba rufaa ya idara ya masikio, pua na koo. Kisha daktari wa watoto amtazame: anakuangalia usoni? Anaonyesha kitu kwa kidole? Anaiga unachofanya? Ndipo damu: kiwango cha damu mwilini, na kama kuna sababu, risasi.

Mama Neema, 19:17
Risasi ya bunduki?

Baba Glory (maabara), 19:20
Ile metali yenyewe, laini, ya kijivu, iliyomo kwenye betri za gari. Mwili unaidhania ni kalisi, madini ya mifupa, unaipokea na kuiweka hadi kwenye mifupa na ubongo. Mtu mzima akimeza risasi, inayoingia kwenye damu ni kama asilimia 10. Mtoto mdogo, asilimia 40 hadi 50. Ndiyo maana vumbi lile lile la barazani baba halimsumbui na mwanawe linamdhuru.

Sista Happy, 19:23
Na mara nyingi mtoto haonyeshi chochote. Hana homa wala upele. Kinachopungua ni usikivu, utulivu, kujifunza, kusema. Kiwango kikiwa juu sana ndipo utaona tumbo kuuma, choo kigumu, weupe wa viganja, kutapika, degedege. Degedege au kulegea ni hospitali usiku huo huo.
Ila nisieleweke vibaya: si kila aliyechelewa kusema ana risasi. Na usonji (autism) hautibiwi kwa kutoa metali. Mwaka 2005 kule Pennsylvania, Marekani, mtoto wa miaka 5 mwenye usonji alikufa baada ya kuwekewa dawa ya kuvuta metali kwenye mshipa. Dawa hizo zikikosewa zinavuta kalisi ya damu na moyo unasimama.

Baba Glory (maabara), 19:29
Kuhusu nywele: zinabeba vumbi, mafuta ya kupaka, moshi wa jikoni. Hakuna namna ya kutenganisha kilichotoka mwilini na kilichojipaka nje. Kuna wengine wanampa mtoto dawa ya kuvuta metali kwanza halafu wanapima mkojo. Ukifanya hivyo kiwango kitapanda kwa yeyote, hata mzima kabisa. Kipimo cha kuaminika ni damu ya mshipa. Iwe damu nzima kwenye chupa isiyoruhusu igande, kifuniko cha zambarau, au bluu iliyoiva ile ya vipimo vya madini. Damu ikiachwa igande wakachukua maji ya juu, kipimo hakina maana, kwa sababu karibu risasi yote imeshika chembe nyekundu. Wakitoboa kidole, mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwanza. Vumbi kidogo tu kwenye ngozi linatoa jibu la uongo. Jibu la kidole likiwa juu, rudieni kwa mshipa kabla ya kufanya lolote.
Si kila maabara inapima hiki, Mama Neema. Uliza kabla hajachomwa sindano: sampuli inapelekwa wapi?

Baba Anna (betri na sola), 19:31
Na namba zinasomwaje?

Baba Glory (maabara), 19:35
Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unasema kuanzia mikrogramu 5 za risasi kwa desilita (sehemu ya kumi ya lita) ya damu, tafuta chanzo na ukiondoe. Kuanzia 45 kwa mtoto wa miaka 10 kushuka chini, dawa ya kuvuta risasi, tena kwa usimamizi wa daktari. Kati ya hapo dawa ni kuondoa chanzo na kumlisha vizuri. Risasi ya kwenye damu hupungua nusu kwa muda wa mwezi hivi, kwa hiyo kurudia kipimo baada ya wiki moja ni kupoteza hela.

Sista Happy, 19:39
Hapo kwenye chanzo ndipo penye kazi, jamani. Zamfara, Nigeria, mwaka 2010 mamia ya watoto walikufa kwa risasi iliyokuwa kwenye mawe ya dhahabu yaliyosagwa nyumbani. Madaktari Wasio na Mipaka walisisitiza udongo wa kijiji usafishwe ndipo matibabu yaendelee, kwa sababu mtoto ukimpa dawa halafu ukamrudisha kwenye vumbi lile lile, kiwango kinapanda upya. Wenye ndugu wachimbaji kule Sekenke, Iramba, mawe na nguo za kazi zisiingie ndani.
Mama Neema, nijibu: baba Neema anafanya kazi gani na anaifanyia wapi? Milango yenu ina rangi gani, inabanduka? Neema anakula udongo?

Mama Neema, 19:42
Baba yake anatengeneza redio na simu, meza iko barazani. Mlango ni wa kijani, unabanduka chini, rangi ya zamani kabla hatujahamia. Udongo anakula, anakwangua ukutani.

Baba Anna (betri na sola), 19:46
Meza iondoke barazani. Tazama kibandiko cha waya wa kuunganishia: ukikuta 60/40, maana yake bati 60 na risasi 40 kwa mia. Ule moshi unaouona ni wa gundi iliyomo kwenye waya, haupendezi kwa kifua, lakini risasi yenyewe inapita mikononi na kwenye vile vidonge vidogo vinavyong'aa vinavyodondoka sakafuni. Mtoto anayetambaa anaviokota kama punje za sukari. Weka trei ya bati juu ya meza, vinavyodondoka vibaki humo. Afute kwa kitambaa kilicholowa, aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto. Waya usio na risasi upo. Unataka joto zaidi, ule wa 60/40 unaanza kuyeyuka nyuzi 183 na huu huvuka 215, kwa hiyo chuma cha kuunganishia cha zamani, cha joto dogo, kitamsumbua.

Bibi Mwajuma, 19:48
Wanangu na wanja wa manga? Hapa tumepaka watoto wote.

Sista Happy, 19:51
Shikamoo bibi. Wanja wa manga ule wa jiwe, mwingi ni jiwe la risasi lililosagwa, zaidi ya nusu ya uzito inaweza kuwa risasi tupu. Mtoto anafikicha jicho, kidole kinaingia mdomoni. Kama ni alama ya kumkinga na kijicho, masizi ya mkaa kidogo kwenye paji la uso yanatosha. Machoni tusimpake kitu.

Bibi Mwajuma, 19:52
Marahaba. Nimeelewa, la kwangu nalifukia.

Baba Glory (maabara), 19:53
Bibi usifukie uani, kuku wanachakura na watoto wanachimba. Lifunge kwenye nailoni mbili, nitalichukua.

Fundi Yohana (rangi), 20:01
Sasa mlango. Risasi iko zaidi kwenye rangi ya mafuta kuliko ya maji, hasa njano, nyekundu na kijani. Kiwango kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa kisizidi sehemu 90 kwa milioni, yaani miligramu 90 kwenye kilo moja ya rangi iliyokauka. Kwa macho huwezi kujua. Kama mnataka uhakika, kwangua kipande cha sentimita 5 kwa 5, matabaka yote hadi kwenye mbao, kipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Msipopima, uchukulieni mlango wa zamani kama una risasi.
Kosa kubwa ni msasa mkavu na moto. Msasa mkavu unageuza rangi kuwa unga unaoenea nyumba nzima, na kwa upepo wa Dodoma unafika hadi kwa jirani. Moto ndio mbaya kabisa, mvuke unaingia kifuani.
Tandika turubai chini, lipite mlango kama mita 2 kila upande. Funga madirisha. Loweka kwa maji yenye sabuni ya unga kwa bomba la kunyunyizia, ngoja dakika 10, kwangua palipolegea tu kwa kisu cha fundi, halafu msasa wa maji huku unaloweka. Palipokamata usipaguse, osha, paka rangi mpya juu. Ukikuta ubao unasuguana na fremu, randa kidogo hapo hapo ukiwa mbichi, la sivyo kila ukifungua unga unadondoka. Takataka zote kwenye mifuko miwili. Kisha ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, moja ya kusuuzia tambara. Deki mara mbili, maji yakichafuka mwaga chooni, si kwenye bustani.

Mwalimu Stella, 20:05
Bembea za chekechea yetu ni nyekundu na njano, zinabanduka kwenye minyororo watoto wanaposhika. Na tunafagia kwa fagio la chelewa kila asubuhi.

Fundi Yohana (rangi), 20:07
Mwalimu, zifungwe kamba wasipande mpaka tuzishughulikie kwa njia hiyo hiyo. Darasani nyunyizeni maji kabla ya kufagia, au pigeni deki.

Baba Anna (betri na sola), 20:12
Niseme la betri, maana wengi wana sola. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi. Anayeipasua kwa shoka kwanza anamwaga maji yake chini; yale maji ya asidi yameshabeba unga wa risasi. Kisha anatoa sahani, ule ute wa kijivu unakauka na kupeperuka. Halafu anayeyusha kwenye sufuria kutengeneza chubwi, vile vizito vya kuzamisha nyavu na ndoano, za wavuvi wa Mtera. Sufuria ile isirudi jikoni kamwe. Thiaroye, Senegali, kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18 sehemu ya kupasulia betri. Betri iliyokufa uiuze nzima, haijafunguliwa, ikiwa imesimama wima.
Na nguo za kazi: vua nje, fua peke yake, viatu vibaki mlangoni.

Mama Ibra, 20:14
Na yale masufuria mazito ya kusubu yanayotengenezwa kwa vyuma chakavu?

Baba Glory (maabara), 20:17
Yamepimwa nchi mbalimbali za Afrika yakakutwa yanaachia risasi kwenye chakula, zaidi kwa vitu vikali: nyanya, ukwaju, ndimu, uji wa kuchachusha. Uji wa mtoto upikwe kwenye sufuria la chuma kisichoshika kutu. Na maji yakilala kwenye koki za shaba usiku, ya kwanza msimpe mtoto. Maji yetu ya mgawo yana thamani, msiyamwage. Kingeni ndoo ya kudekia ndipo mjaze ya kunywa. Kuchemsha hakuondoi risasi. Kunaifanya ikolee, kwa sababu maji yanapungua na yenyewe inabaki.

Mama Ibra, 20:18
Na krimu za kung'arisha ngozi?

Sista Happy, 20:20
Baadhi zina zebaki. Mama akijipaka, mtoto anainyonya kutoka kwenye shingo na shuka. Krimu isiyo na orodha ya viambato, au inayosema ikiwekwa karibu na dhahabu inaiharibu, tupa. Na wajawazito, udongo wa pemba wa sokoni: unaweza kuwa na sumu kama risasi na aseniki ndani yake. Hamu ya udongo mara nyingi ni damu pungufu. Nenda ukapime.

Mama Neema, 20:22
Kwa hiyo Neema kula udongo inaweza kuwa damu?

Sista Happy, 20:26
Ndiyo, na minyoo pia. Mwili wenye upungufu wa madini ya chuma na kalisi unafyonza risasi zaidi, na tumbo tupu linafyonza zaidi, kwa hiyo asubuhi ale uji kabla hajatoka kucheza. Dagaa mzima aliyesagwa, maziwa, majani ya kunde, mlenda, na ubuyu kidogo kwenye uji kwa sababu uchachu wake unasaidia chuma kuingia mwilini. Chai ya rangi pamoja na chakula acha, inazuia. Kidonge cha chuma usinunue mwenyewe. Dozi inategemea kilo zake, na ikizidi inaua mtoto.
Kesho njoo kliniki saa mbili, hahitaji kufunga kula. Njoo na kadi yake, na uandike maneno yote anayosema, hata "baa" ya mbuzi.

Mama Neema, 20:28
Asanteni sana. Matone nayarudisha. Elfu 45 itasaidia kipimo.

Fundi Yohana (rangi), 20:31
Mlango wako Jumamosi saa moja asubuhi, kabla upepo haujaanza. Turubai ninalo. Nitafutieni ndoo mbili na matambara ya kutupa, na Neema alale kwa Bibi kuanzia Ijumaa.

Bibi Mwajuma, 20:32
Aje. Kitanda kipo.