A Dance with Dragons: kurasa zaidi ya 1000 halafu vita tulivyoahidiwa havipo!

Wakuu nimemaliza hiki kitabu, cha 5 kwenye mfululizo wa A Song of Ice and Fire, na nina hasira mpaka sasa hivi. Kuna spoila humu, kama hujasoma pita tu.

Kitabu cha 4 kilitoka 2005 hakina sura za Jon, hakina za Tyrion, hakina za Daenerys, wahusika wakubwa kabisa, mwandishi George R. R. Martin mwenyewe akaandika mwishoni kwamba anatumaini nusu iliyobaki itatoka mwaka unaofuata, watu wakangoja mpaka 2011. Haya, nusu yenyewe ndo hii?

Kitabu kizima kinatupeleka kwenye vita viwili, Stannis anayedai ufalme anaenda kuichukua ngome ya Winterfell na huku Meereen, mji wa Daenerys, umezingirwa na majeshi ya mji wa Yunkai. Stannis anakwama kwenye theluji, farasi wanakufa, askari wengine wanafikia kula maiti za wenzao, unasema sasa hapa lazima kiwake, hakuna! Inaletwa barua ya Ramsay, adui yake aliyeko Winterfell, kwamba Stannis kashauawa na hata hatujui ni kweli au uongo. Meereen nako maiti zinarushwa ndani ya mji, Barristan, mlinzi wa Daenerys, yuko tayari kabisa kutoka kupigana, unafunua ukurasa imeisha. Vyote kavisogeza kitabu cha 6 ambacho mpaka leo hakijatoka!!

Na msiniambie nafasi ilikosekana. Tyrion tumeshuka naye mto mzima anauliza kila mtu malaya wanaenda wapi. Mwanamfalme Quentyn anatoka kwao Dorne kote huko akamwoe Daenerys, wenzake wanafia njiani, anafika Daenerys keshaposwa na mtu mwingine, anaenda kuiba joka anaunguzwa anakufa. Hizo sura zote si zingetosha vita hata kimoja jamani?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba uwezo anao. Sura za Theon someni tena, mtu kateswa mpaka jina lake mwenyewe anaogopa kulitaja, na siku anapolitamka mwili unasisimka. Anayeweza kuandika vile anajua kabisa msomaji anastahili nini.

Sasa nyie mnaosema huku ni kujenga stori, inajengwa mpaka lini? Jon kachomwa visu na watu wake 2011 mpaka leo hatujaambiwa kapona au kafa. Na msinijibu mambo ya tamthilia ya Game of Thrones, ile ilishika njia yake ikaisha 2019, mimi nadai kitabu.